Ukuta Nyuma ya Mlango

Ufunguo ulizunguka. Mlango ukalia, ukafunguka.

Nyuma yake, matofali.

Hapo ndipo tulipomwacha Honorine wiki iliyopita, na najua wako waliolitukana gazeti. Mama mmoja alinisimamisha sokoni, samaki mkononi, akaniambia: "Weye mwandishi iko na roho mubaya." Sawa, nimekubali. Lakini mama, ngoja kwanza umalize cha leo, ndipo unitukane vizuri.

Kwa aliyekuwa matangani au safarini, habari ni hii. Siku vita ilipoingia tena Bunia, cheche ziliruka kutoka nyumba ya jirani zikaingia chini ya vigae vya kanisa la Mama Anna, lile la zamani lililojengwa na mababu wakati wa Wabelgiji. Ndani walijaa wakimbizi. Wengi waliponea mlango mkubwa. Divine, mtoto wa pekee wa Honorine na Étienne masoni, fundi wa kujenga kuta, hakutoka. Alikutwa sakristia, kwenye mlango mdogo wa nyuma.

Nje ya mlango huohuo alikuwapo mama yake. Alipiga mbao kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa katekista Antoine, naye Antoine alikuwa ameshashika njia ya Mambasa.

Tangu siku ile Honorine alimchukia Antoine kuliko hata wenye bunduki. Alilala na jina lake, akaamka nalo. Na leo, kanisa likiwa limeanza kujengwa upya, Antoine amerudi, amemtia ufunguo mkononi na kumwambia neno moja tu: "Fungua."

Basi amefungua.

Honorine aliweka kiganja juu ya matofali. Akasukuma kama mtu anayesukuma ng'ombe aliyelala njiani. Ukuta haukujali.

"Hii ni nini, Antoine?"

"Ni ukuta, mama Divine."

"Naona ni ukuta! Niko kipofu? Nauliza nani aliweka ukuta mu mulango!"

Antoine alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia mabegani, na kofia aliizungusha vidoleni bila kukoma.

"Tuliziba kabla moto haijawaka," alisema. "Unakumbuka wale wenye bunduki waliingia hapa, wakachukua mabinti ya wakimbizi? Walipitia mulango huu. Padiri, Mungu amuweke pema, alisema: ule mukubwa tunaweza kuulinda, huu hapana. Tuzibe kwa ndani, mbao zibaki inje, wakikuya tena wasumbuke nazo."

"Na batu ya ndani? Muliwaambia nini?"

"Hatukuambia mutu."

"Hamukuambia mutu!"

"Mama Divine, weye unajua ile wakati ilikuwa namna gani. Ukisema kwa mutu moja, kesho muji muzima iko inajua. Wenye bunduki wakisikia kanisa inajenga ukuta, watasema kuko dhahabu nyuma, watakuya kubomoa na kuua. Kwa hiyo njo tulipaka chokaa, tukasogeza kabati la chuma mbele. Tuliapa: siri ya batu watatu. Padiri, mimi, na ule alijenga."

Wasomaji wangu, msimhukumu Antoine haraka. Nani kati yetu hakuficha kitu miaka ile? Mwanaume alizika redio na cherehani chini ya migomba, na mke aliyelala naye asijue. Tulijifunza kwamba kilicho salama ni kile ambacho hakijulikani. Tulijifunza vizuri mno.

"Basi ulikimbia na ufunguo," alisema Honorine.

"Nilikimbia. Niliona moto kwa paa, nikakuona unakuya mbio kwa huu mulango, nikaogopa macho yako. Lakini ningekupa ufunguo, mama, ungefungua ukuta?"

Kofi lilimpata kabla hajafunga mdomo. Kofia ikaanguka. Antoine hakuinua mkono kujikinga. Alingoja la pili kama mtu anayengoja zamu yake.

"Nani alijenga?"

Antoine aligeukia matofali.

"Antoine, padiri amekufa. Nani alijenga?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Antoine alisema kwa sauti ya chini. "Mimi niliapa. Lakini tofali hazikuapa. Ziangalie."

Honorine akaziangalia.

Inafaa mjue kwamba Honorine ni mchoma matofali. Tanuri lake liko karibu na mto, na kibao chake cha kupigia matofali alikirithi kwa mama yake, kimebanduka kona moja. Kila tofali litokalo humo lina uvimbe mdogo pale konani, kama chunusi. Wateja wamezoea. Ukiona uvimbe ule popote Bunia, jua ni tofali la Honorine.

Ukuta mzima ulikuwa na chunusi.

Na nani alichukua matofali tanurini wiki ile ya kabla ya moto? Hakuwa mteja. Étienne, mume wake, alisema anakwenda kumjengea kaburi muzee Hubert, maskini hana watoto. Honorine aliona huruma. Alimsaidia kupakia mkokoteni, akamchagulia yale yaliyoiva vizuri.

Udongo alioukanyaga kwa miguu yake mwenyewe. Kuni alizozibeba kwa kichwa chake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakusema uongo.

"Toka," alimwambia Antoine bila kumtazama. "Nisikuone tena."

Antoine aliokota kofia. Hakwenda mbali. Aliketi juu ya jiwe karibu na pompi ya maji, akaficha uso.

Honorine alizunguka kanisa akaingia kwa mlango mkubwa. Juu, mbingu tupu. Kuta zilikuwa nyeusi kama sufuria ya matanga, vigae vilivyovunjika vilirundikwa pembeni, na katikati ya vifusi komite ya ujenzi ilikuwa imesimama kumsikiliza prezida wake, papa Delphin, muuza mabati. Papa Delphin akishika neno, mvua yenyewe hungoja.

"Tutajenga vile ilikuwa!" alikuwa akisema. "Tofali kwa tofali! Vigae vyekundu, plafo ya matete chini yake, madirisha na vyuma vyake. Hii kanisa ni urithi. Mababu wakifufuka, wakute nyumba yao vile waliiacha!"

Watu walipiga makofi. Juu ya jukwaa la miti, Étienne alikuwa akipima ukuta kwa timazi. Chini yake Falone, binti wa jirani, alikuwa akipita na beseni la maji kichwani.

"Vile ilikuwa?"

Makofi yalikatika. Wote wakageuka.

"Ile plafo ya matete ilishika moto kama nyasi ya kiangazi," alisema Honorine. "Cheche iliingia kati ya vigae na matete, nani angeifikia kule juu? Ile vyuma ya madirisha ilishikilia batu ndani, nilisikia vile walikuwa wanalia. Vile ilikuwa, njo vile ilituua. Papa Delphin, nakuuliza jambo moja. Mulango mudogo ya sakristia, iko kwa plan yako?"

Papa Delphin alifunua karatasi yake kubwa, akaitazama, akaikunja.

"Mama, pale hakuna mulango. Pale ni ukuta, tumeukuta hivyo chini ya chokaa. Tunarudisha vile mababu waliacha."

"Mababu waliacha mulango!"

"Labda zamani. Lakini na hii vita, mama, hata kama mulango ungalikuwapo, ningesema uzibwe. Askari ya Ulaya iko hapa kwa uwanja wa ndege leo, kesho inarudi kwao. Siye tutabaki na nani?"

Honorine alimwacha papa Delphin na karatasi yake. Aliinua uso.

"Papa Divine. Shuka."

Étienne alishuka. Alishuka polepole, na nadhani alijua, kwa sababu aliweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena.

"Nipeleke kwa kaburi ya muzee Hubert. Nataka kuiona."

"Mama Divine..."

"Nipeleke."

"Hakuna kaburi," alisema Étienne.

"Iko! Nimetoka kuiona. Iko na mulango."

Étienne alitazama chini, na aliposema, alisema kama mtu anayezungumza na viatu vyake.

"Nilifunga kwa ajili yake. Kwa ajili ya Divine. Wale walichukua mabinti, na kesho yake nikamuona mutoto wetu anacheza kwa kizingiti kilekile, anaruka kamba na benzake. Moyo yangu ikasimama. Padiri aliponiita, sikungoja amalize. Kila tofali niliiweka nikisema: hawatamufikia. Hawatamufikia."

"Na kweli," alisema Honorine. "Hawakumufikia."

Étienne alifunika uso.

"Ungeniambia! Mimi muke wako! Nilimufundisha mutoto mimi mwenyewe: mambo ikiharibika, pita mulango mudogo, mama atakungojea pale. Nilimutuma kwa ukuta, Étienne! Kinywa yangu njo ilimutuma!"

"Niliapa mbele ya padiri."

"Hata kwangu uliapa mbele ya padiri!"

Mzee mmoja wa komite alinong'ona "Mungu wangu," akavua miwani.

"Siku zote hizi nalala na weye kitanda moja," Honorine aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nikilia unanishika bega. Nikimulaani Antoine, unanyamaza. Unanipikia chai. Unaniambia, lala, mama Divine. Usiniite tena mama Divine. Weye njo uliua mutoto. Chukua mwiko yako, uende."

Étienne aliinama, akachukua mwiko. Hakubisha. Hakuomba. Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa bei na akaikubali. Akaanza kuelekea mlango mkubwa.

Hapo beseni likaanguka.

"Si yeye!"

Alikuwa Falone. Maji yalimlowesha mpaka miguuni, naye hakujali. "Mama Divine, si yeye! Papa Divine, unisamehe, nimeshindwa, nitasema!"

Étienne aligeuka. Mtu mpole yule, ambaye hata mbuzi hamfokei, alipiga kelele: "Falone! Nyamaza! Uliniahidi!"

Honorine akamtazama mume wake, akamtazama binti.

"Kumbe siri haijaisha," alisema. "Sema, mwanangu."

"Falone, nakuomba," alisema Étienne, na sasa hakuwa akifoka. Alikuwa akiomba kwa viganja viwili.

"Sema!"

Falone alisema. Alisema huku analia, akavuruga, akarudi nyuma, lakini mimi nitawapangia.

Divine alijua habari ya ukuta. Siku ile baba yake anajenga, alimpelekea chakula akamkuta na simenti mpaka kwenye viwiko. Baba alimwapisha asiseme hata kwa mama, naye mtoto alikuwa na mdomo mgumu kuliko padiri.

"Siku ya moto tulikuwa siye wawili, tunashikana mikono," alisema Falone. "Tulikuwa karibu na mulango mukubwa, ilibakia kidogo tutoke. Njo tukasikia kugonga kule nyuma. Tukasikia sauti yako, mama. Unaita: Divine! Divine! Akaachia mukono yangu. Nikamuuliza, unaenda wapi? Akasema..."

"Alisema nini?"

"Alisema: mama haijue ukuta. Iko inaningojea pale, moto itamuangukia. Naenda kumuambia azunguke. Nilimuvuta, mama. Nilimuvuta sana. Aliniuma."

Akanyoosha mkono. Alama za meno zilikuwa zingali pale, zimepona vibaya.

Sasa Honorine alielewa habari ya kabati. Waliomtoa Divine walikuta lile kabati la chuma, ambalo wanaume hulibeba kwa kusaidiana, limesogezwa kando. Watu walishangaa mtoto alipata wapi nguvu. Walisema alitafuta pa kutokea. Hapana. Alijua hakuna pa kutokea. Alisogeza kabati apate kuweka mdomo ukutani.

"Aliniita?" Honorine aliuliza. "Falone, uliisikia? Aliniita?"

"Sijue, mama. Moshi ilikuwa mingi."

"Mimi sikusikia kitu," alisema Honorine. "Nilikuwa nagonga. Nilikuwa nagonga kwa nguvu."

Étienne alikuwa amerudi, amesimama karibu naye bila kumgusa. "Falone aliniambia kule kambini tulikokimbilia," alisema. "Nikaona heri uchukie Antoine. Na siku ukijua ukuta, heri unichukie mimi. Mimi naweza kubeba. Hii ingine, nani angeibeba?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tunausema msemo huu kila siku, tunausema hata mtoto akipata homa. Honorine hakuanguka, hakupiga yowe kama mlivyotegemea. Alikwenda kwenye vyombo vya mafundi, akachukua nyundo kubwa, akaingia sakristia.

"Mama!" alipiga kelele papa Delphin. "Mama, ukuta ya kanisa hiyo!"

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili likatoa chokaa. Matofali yalikuwa yameiva vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua. Alipiga huku anasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia vizuri, na Étienne alisimama nyuma yake na mikono imening'inia. Tofali moja lilitikisika. Likasukumika. Likaangukia nje.

Mwanga ukaingia.

Alipiga tena, na tena, mpaka tundu likawa kubwa la kupitisha mtu. Kuta za mababu ni nene, na mlango ule ulikaa ndani sana kama pango. Kupitia hapo Honorine aliuona uwanja wa nyuma, pompi, na Antoine amesimama kutoka kwenye jiwe lake, mdomo wazi. Walitazamana. Antoine alivua kofia.

Ndipo risasi zikalia.

Upande wa mtaa wa Mudzi-Pela, kwanza moja moja, halafu mfululizo kama mahindi kwenye sufuria. Antoine aligeuza kichwa kushoto, kulia, akapiga mbio akapotea nyuma ya uzio.

"Amekimbia tena," alisema Honorine. "Hiyo njo dini yake."

Mji mzima ulikuwa umeshashika mbio. Mnajua wenyewe: ikilia tu, watu hukimbilia kanisani, hata kanisa lisilo na paa. Waliingia na magodoro, na kuku, na vikongwe mgongoni. Wanaume wakafunga mlango mkubwa, wakauegemeza boriti zilizoungua. Papa Delphin aliingia sakristia jasho likimtoka.

"Tundu! Wataona tundu! Étienne, simenti iko, maji iko, ziba!"

Honorine alisimama mbele ya tundu na nyundo yake.

"Hakuna mutu ataziba hapa. Mutu akitaka kuziba, aanze na mimi."

Na angemshinda papa Delphin, sina shaka. Angeishinda komite nzima. Lakini aliyesogea hakuwa wa komite. Alikuwa Madeleine, mkimbizi wa kutoka Djugu, mjane, amefunga mkono wa binti yake mdogo kwa kitenge kwenye kiuno chake mwenyewe ili wasipotezane.

"Mama Divine," alisema. "Weye unanijua?"

"Nakujua."

"Mukubwa yangu, Estelle, njo walimupitisha hapa. Kwa huu mulango, kabla haujazibwa. Nilimushika nguo, nguo ikapasuka, nikabaki na kitambaa. Mupaka leo sijue kama iko hai. Weye ulipoteza wako sababu mulango ilifungwa. Mimi nilipoteza wangu sababu ilikuwa wazi. Niambie, siye wawili, nani iko na haki?"

Honorine alikitazama kile kitenge kiunoni.

Mtoto wa Madeleine alikuwa akimtazama, kidole mdomoni. Alikuwa na umri wa kuruka kamba.

Risasi zilisikika karibu zaidi. Honorine aliachia nyundo. Aliinama, na alipoinuka mkononi mwake alikuwa na tofali. Akalikwangua simenti ya zamani kwa ukucha, akamnyooshea Étienne.

"Ziba," alisema. "Lakini hapana kwa siri."

Kisha akatoka mpaka katikati ya kanisa, akapanda juu ya rundo la vigae, mwanamke ambaye asubuhi ile hakuwa na hata sauti ya kumsalimu jirani.

"Batu yote musikie! Kule sakristia hakuna mulango! Mumeelewa? Kwa inje mutaona mbao, ni uongo, ndani ni ukuta! Moto ikikuya, njia ni hii mukubwa, na madirisha haya mawili, vyuma vyake vimetoka. Kila mama aambie batoto yake. Kila mutoto arudilie. Semeni: hakuna mulango!"

"Hakuna mulango," walisema watoto.

"Tena!"

"Hakuna mulango!"

Alirudi sakristia. Étienne alikuwa amepiga magoti, anajenga, machozi yanaangukia kwenye simenti. Honorine anatoa, yeye anapokea. Tofali, mwiko, tofali. Vidole vyao viligusana mara nyingi na hakuna aliyevirudisha nyuma. Falone alileta maji. Safu zilipanda mpaka kifuani, mpaka usoni, na mwanga ukapungua, hadi likabaki tundu la tofali moja tu.

Honorine alichungulia. Alitaka kuona mara ya mwisho mahali aliposimama siku ile.

Akamwona Antoine.

Hakuwa amekimbilia Mambasa. Alikuwa ametokea upande wa darasa la mabanzi lililo ng'ambo ya uwanja, ameinama, mtoto mmoja mgongoni, na nyuma yake mstari wa watoto wa katekismo wameshikana mashati. Nyuma yao, mbali kidogo, watu wenye bunduki walikuwa wakiruka uzio. Mlango mkubwa ulikuwa upande mwingine, na njia ya kwenda huko ilikuwa wazi kwa risasi. Lakini Antoine alikuwa ameona tundu kwa macho yake. Alikuwa amemwona Honorine mwenyewe akilibomoa. Mbao zilikuwa zimefunguka wazi vilevile alivyoziacha, na matofali mapya yalikuwa ndani kwenye kiza cha ukuta.

Aliwaonyesha watoto kwa kidole: pale, pale.

Bunia nzima iliyokuwa kanisani ilikuwa imeambiwa. Mtu mmoja tu hakuambiwa.

"Antoine!" Honorine alibandika mdomo kwenye tundu. "Antoine! Hakuna mulango! Zunguka! Zunguka!"

Risasi zililia. Antoine hakuinua kichwa. Aliongeza mbio.

"Zunguka!" Koo lilimpasuka. Ndipo akajua Divine alipiga kelele namna gani.

Nyuma yake Madeleine alikuwa amemkumbatia mtoto wake. "Usibomoe," alisema. "Mama Divine, kwa jina la Mungu, usibomoe, watafuata."

Étienne alikuwa na tofali la mwisho mkono wa kushoto. Simenti ilikuwa mbichi bado. Teke moja lingetosha. Nyundo ilikuwa karibu na goti lake.

"Honorine," alisema, kwa sababu lile jina lingine alikuwa amekatazwa. "Nifunge, ao nibomoe?"

Honorine alikuwa ameingiza mkono kwenye tundu. Kutoka nje, mkono mdogo wenye vumbi ulikuwa umepita kwenye tundu, umemshika kidole, na haukuachia.